Kadi ya Maktaba: Kisa cha Shule ya Uhuru ya Hattiesburg, 1964

Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1964, vijana sita weusi wa mji wa Hattiesburg, jimbo la Mississippi, waliingia katika maktaba ya umma ya mji wao wakiwa na mwalimu wao mzungu, Sandra Adickes, wakaomba kuhudumiwa kama msomaji mwingine yeyote. Mkutubi aliwakatalia na kuwataka waondoke. Walipokaidi, alimwita mkuu wa polisi wa mji, ambaye alifika, akawatangazia kwamba maktaba imefungwa, na kuwaamuru watoke. Walitoka, wakaenda kutafuta chakula cha mchana katika duka la Kress, na muda mfupi baada ya kutoka huko mwalimu wao alitiwa mbaroni kwa kosa la uzururaji.

Miongoni mwa wanasheria wa Marekani kisa hiki ni maarufu, kwa kuwa kilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1970, na jina la Adickes hutajwa hadi leo wanafunzi wa sheria wanapofundishwa ni wakati gani hakimu anaweza kulimaliza shauri bila kusikiliza mashahidi. Walimu wamekipa nafasi ndogo zaidi, na hiyo naiona kuwa hasara, kwa sababu safari ile ya maktaba ilikuwa kwanza kabisa kazi ya shule. Vijana wale walikuwa wanafunzi wa Shule ya Uhuru iliyoendeshwa kanisani wakati wa likizo, na walichokwenda kukifanya mjini kilitokana na wiki kadhaa za kusoma, kuandika na kubishana. Uchambuzi huu unakitazama kisa kwa jicho la mwalimu wa sekondari anayetaka kufundisha usawa wa kijamii kwa njia ya vitendo, na unatetea hoja moja: kwamba tendo humfundisha kijana usawa pale tu ambapo yeye mwenyewe ameshiriki kuliamua, akijua ni swali gani analokwenda kulitafutia jibu.

Mji na shule zake

Miaka 10 ilikuwa imepita tangu Mahakama ya Juu ilipotamka, tarehe 17 Mei 1954, kwamba kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba, lakini Mississippi ilikuwa bado haijaitekeleza hukumu hiyo. Takwimu walizozitumia waandaaji wa Shule za Uhuru zilionyesha kuwa jimbo lilitumia wastani wa dola 81.86 kwa mwanafunzi mzungu na dola 21.77 kwa mwanafunzi mweusi. Vitabu vilivyofika katika shule za weusi mara nyingi vilikuwa vile vilivyokwisha kuchakaa mikononi mwa wazungu, na katika eneo la mashamba ya pamba, kaskazini magharibi mwa jimbo, kalenda ya shule ilipangwa kwa kufuata mahitaji ya palizi na mavuno.

Hattiesburg ulikuwa na kumbukumbu yake chungu kuhusu elimu. Clyde Kennard, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akifuga kuku karibu na mji, alijaribu zaidi ya mara moja kujiunga na Mississippi Southern College, chuo cha wazungu kilichokuwa karibu na nyumbani kwake. Mwaka 1960 alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa madai ya kushiriki wizi wa chakula cha kuku chenye thamani ya dola 25. Aliugua saratani akiwa gerezani, akaachiwa akiwa mahututi, na kufariki tarehe 4 Julai 1963. Mahakama ilimsafisha mwaka 2006. Vijana wa Hattiesburg waliokuwa na umri wa miaka 15 au 16 mwaka 1964 walikua wakiwasikia wazazi wao wakimtaja Kennard, na hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza mtu mweusi hufanywa nini anapoomba kuingia mahali penye vitabu.

Wala hawakuhitaji kuelezwa habari za kura. Msajili wa wapigakura wa kaunti ya Forrest, ambayo makao yake makuu ni Hattiesburg, alikuwa na mamlaka ya kumpa mwombaji kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, kisha akaamua mwenyewe kama ufafanuzi huo unatosha. Januari 22, 1964, mamia ya watu waliandamana kwenye mvua mbele ya jengo la mahakama ya kaunti kudai haki ya kujiandikisha. Mwanafunzi aliyeingia Shule ya Uhuru mwezi Julai mwaka huo alikuwa amekwisha kuuishi ubaguzi kwa undani kuliko mwalimu yeyote aliyetoka New York kumfundisha.

Shule iliyoanza na maswali

Wazo la Shule za Uhuru liliandikwa mwishoni mwa 1963 na Charles Cobb, kijana aliyekuwa ameacha masomo yake katika chuo kikuu cha Howard ili afanye kazi Mississippi na SNCC, ile kamati ya wanafunzi iliyoratibu harakati za kudai haki bila vurugu. Cobb aliona kwamba shule za jimbo ziliwanyima vijana weusi kitu kikubwa kuliko vitabu na maabara, yaani nafasi ya kuuliza. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini mambo yako hivi alionekana mkorofi, na mwalimu mweusi aliyemruhusu kuuliza angeweza kupoteza kazi, kwa kuwa ajira yake ilikuwa mikononi mwa bodi ya wazungu.

Kulikuwa na mfano wa karibu. Oktoba 4, 1961, katika mji wa McComb, zaidi ya wanafunzi 100 wa shule ya sekondari ya Burglund walitoka darasani kumtetea mwenzao aliyekataliwa kurudi shuleni baada ya kufungwa kwa kuketi katika stesheni ya mabasi mahali palipotengwa kwa wazungu. Wengi walifungiwa milango ya shule, na SNCC ikawaanzishia darasa la muda ambamo Bob Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York, aliwafundisha somo lake. Moses ndiye aliyekuja kuuongoza mradi mzima wa harakati za Mississippi katika kiangazi cha 1964, ambao Shule za Uhuru zilikuwa sehemu yake, na jina lake litarudi katika uchambuzi huu.

Machi 1964 walimu na wanaharakati walikutana New York kuandaa mtaala. Sehemu yake ya uraia, iliyoandikwa na Noel Day, ilijengwa juu ya maswali machache ambayo kila darasa lilitakiwa kuyarudia tangu mwanzo hadi mwisho wa msimu. Kwa nini sisi, walimu na wanafunzi, tumo katika Shule za Uhuru? Harakati za uhuru ni nini? Zinatupa njia gani nyingine ya kuishi? Kisha yakafuata matatu ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora zaidi: jamii ya walio wengi ina nini ambacho sisi tunakitaka, ina nini ambacho hatukitaki, na sisi tuna nini ambacho tunataka kubaki nacho.

Yafaa kukaa kidogo juu ya maswali hayo matatu, maana ndani yake mna nadharia nzima ya usawa. Mwalimu anayefundisha usawa kwa haraka humwambia mwanafunzi kwamba anastahili kupata kila alichonacho mwenzake, na hapo humwachia bila kukusudia wazo kwamba mwenzake huyo ndiye kipimo. Swali la pili linaivunja dhana hiyo, kwa kuwa linamtaka kijana mweusi amtazame mzungu aliye juu yake na kukagua maisha yake bila woga wala uchu, na mtaala ulikuwa na somo zima juu ya mzungu maskini na hofu zake. Swali la tatu linamrudisha nyumbani, kwenye kanisa, muziki, ujirani na ujasiri wa wazee wake, akavihesabu kuwa mali. Kijana aliyeyapitia maswali haya hakwenda maktaba kuomba afanane na mtu. Alikwenda kudai huduma ambayo wazazi wake waliilipia kodi.

Waandaaji walitarajia wanafunzi wapatao 1,000 katika jimbo zima. Walikuja zaidi ya 2,000, katika shule zipatazo 40. Hattiesburg peke yake uliandikisha zaidi ya 500 siku ya kwanza, wakiwamo watoto wadogo na wazee waliotaka kujua kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Vipindi vilifanyika makanisani, na joto lilipozidi madarasa yalihamia chini ya miti. Asubuhi ilikuwa ya uraia na historia ya watu weusi, na mchana ulikuwa wa masomo waliyoyaomba wanafunzi wenyewe, kama vile kupiga chapa na Kifaransa, ambayo shule nyingi za weusi hazikuyatoa.

Palmers Crossing

Adickes alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule za New York, na alipangiwa Palmers Crossing, kitongoji cha weusi kilicho nje kidogo ya Hattiesburg, katika kanisa la Kibaptisti la Priest Creek. Walimu wa kujitolea waliishi na familia za pale, wakala mezani pao na kulala katika nyumba ambazo kwa kuwapokea tu zilikuwa zimejiweka hatarini.

Kanisa jingine la kitongoji hicho, St. John's Methodist, nalo lilikuwa na Shule ya Uhuru, na wanafunzi wake walifanya kazi ambayo mwalimu yeyote wa uraia angeionea wivu. Walisoma Tamko la Uhuru la Marekani la 1776, lile ambalo walowezi waliorodhesha makosa ya mfalme wa Uingereza, kisha wakaandika tamko lao wenyewe. Walifuata mpangilio uleule, lakini mahali pa mfalme wakaiweka serikali ya Mississippi, na mahali pa malalamiko ya walowezi wakayaweka yale waliyoyajua: kunyimwa kura, shule duni, mahakama zisizotenda haki. Zoezi hili ni la kalamu na karatasi tu, na kwa wengi lisingehesabiwa kuwa elimu ya vitendo. Mimi nalihesabu, kwa sababu wanafunzi waliichukua hati ambayo nchi yao inaitukuza, wakaitumia kama rula ya kuipimia nchi hiyohiyo. Aliyekwisha kufanya hivyo kwa maandishi yuko karibu sana na kufanya hivyo kwa miguu yake.

Agosti ilipoingia, mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Julai 2 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi katika migahawa, hoteli na huduma nyingine zilizo wazi kwa umma. Na Agosti 4 miili ya wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, ilifukuliwa katika tuta la bwawa kaunti ya Neshoba. Walikuwa wametoweka Juni 21, siku waliyokwenda kukagua kanisa lililochomwa moto, kanisa ambalo lilikuwa limekubali kuwa na Shule ya Uhuru. Huko Hattiesburg kwenyewe, Julai 10, rabi mmoja aliyetoka Cleveland alipigwa kwa kipande cha chuma akitembea mchana kweupe. Vijana wa Palmers Crossing walikuwa sasa na sheria mpya upande wao, na ushahidi mpya wa kinachoweza kumpata anayeidai.

Katika hali hiyo walitaka kufanya jambo la vitendo kabla kiangazi hakijaisha, na walichokichagua ni maktaba. Uchaguzi huo una akili kuliko unavyoonekana kwa mara ya kwanza. Maktaba ni mali ya umma, hivyo hakuna mwenye duka wa kusema kwamba anachagua wateja wake. Mtu anayeomba kitabu hawezi kusingiziwa kwamba anafanya fujo. Mwaka 1961 wanafunzi tisa wa chuo cha Tougaloo walikuwa wamekamatwa kwa kuketi na kusoma katika maktaba kuu ya Jackson, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni katika jimbo. Zaidi ya hayo, kwa mwanafunzi aliyeonjeshwa vitabu kwa wiki sita katika kanisa, kadi ya maktaba ilikuwa haja halisi. Shule ya Uhuru ilikuwa ikikaribia kufungwa, na baada yake vitabu vingetoka wapi?

Maktaba na kaunta

Tukio la maktaba limekwisha kuelezwa. La kuongeza ni kwamba jibu la mji halikuwa kuwakamata wanafunzi. Mji ulichagua kuifunga maktaba kwa kila mtu kuliko kuifungua kwa vijana sita, na walipojaribu wengine siku chache baadaye ilifungwa tena. Mwalimu wa uraia anaweza kufundisha muhula mzima juu ya gharama ambayo ubaguzi humtoza mbaguzi mwenyewe na asipate mfano ulio wazi kiasi hiki, kwa maana siku ile hata mtoto wa kizungu hakuweza kuazima kitabu.

Lililofuata Kress ni gumu zaidi. Kundi liliketi kwenye kaunta ya chakula. Kwa ushahidi uliowasilishwa baadaye, polisi aliingia dukani, akawatazama, akatoka. Kisha mhudumu akawauliza wanafunzi wanataka kula nini, akaandika maagizo yao, lakini akakataa kumhudumia Adickes. Yeye, mzungu, ndiye aliyenyimwa chakula, kwa kuwa alikuwa ameketi na weusi. Meneja wa duka alieleza baadaye kwamba alihofia ghasia kutoka kwa wateja waliokasirishwa na mchanganyiko ule. Wanafunzi hawakukubali kula bila mwalimu wao. Wote waliinuka na kuondoka, na hapo nje ndipo polisi walipomkamata Adickes kwa uzururaji, kosa ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analifahamu vizuri kutoka katika sheria za miji ya kikoloni. Mwalimu mwenye ajira na mshahara, aliyekuwa na wanafunzi wake mchana wa siku ya kazi, aliwekwa katika daraja la watu wasio na makazi wala shughuli.

Hakuna mtaala ambao ungeweza kuliandaa somo hilo. Wanafunzi walikwenda wakidhani wanajaribu sheria inayosema mtu mweusi ahudumiwe, na duka likaonyesha kwamba limeisoma sheria hiyo na liko tayari kuitii kwa herufi. Lililokuwa halijakubaliwa ni watu wa rangi mbili kuketi pamoja kwa ridhaa yao. Ubaguzi walioujua tangu utotoni ulikuwa ukuta unaowazuia wao, lakini siku ile waliuona kuwa ni utaratibu unaomlinda hata mzungu asitoke ndani yake, na kumwadhibu akitoka. Mtaala wa Day ulikuwa na sura nzima juu ya mfumo wa madaraka, na naamini wanafunzi waliofika dukani bila sura hiyo wangerudi wakisema tu kwamba mhudumu alikuwa na roho mbaya.

Nini hasa kilichofundisha

Njia ya vitendo inayotajwa mara nyingi zaidi katika kufundisha usawa ni ile iliyoanzia Riceville, jimbo la Iowa, Aprili 5, 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Jane Elliott aliwagawa watoto wa darasa la tatu kwa rangi ya macho, akalitukuza kundi moja na kulidharau jingine, kisha akageuza. Zoezi hilo limesambaa duniani na limezaa mengine mengi, yakiwamo yale ambayo wanafunzi wa sekondari hupewa kadi za utajiri na umaskini, au hupangwa mstari mmoja na kuamriwa kusogea mbele au nyuma kwa kadiri ya bahati zao.

Siyadharau mazoezi hayo. Riceville ulikuwa mji mdogo wa wazungu watupu, na mwalimu hakuwa na njia nyingine ya kuwaonjesha watoto wale kitu wasichokuwa nacho. Lakini kila zoezi la aina hiyo lina kasoro ambayo kisa cha Hattiesburg kinaianika: mwalimu ndiye anayeamua nani awe juu, kanuni zikoje, na mchezo uishe lini. Mwanafunzi anajifunza jinsi inavyouma kuonewa, huku akishuhudia kwa siri somo la pili, kwamba mwenye mamlaka anaweza kumfanyia chochote kwa manufaa yake. Na katika darasa lenye watoto waliokwisha kuonewa kweli, zoezi la mstari humfanya mtoto maskini kuwa kitabu cha kiada cha wenzake. Anasimama nyuma mbele ya macho ya wote, wenzake wanapata huruma, na yeye hapati kitu ambacho hakukijua.

Tanzania inatoa ushahidi wa upande mwingine. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililotaka shule ziwe jumuiya zinazofanya kazi, zenye mashamba yao, na likasisitiza kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya mashamba hayo na matumizi ya mapato yake. Lengo lilikuwa usawa hasa: msomi asijione bora kuliko mkulima. Sehemu ya jembe ilitekelezwa kwa urahisi. Sehemu ya maamuzi ilisahaulika katika shule nyingi, na wapo wengi waliosoma enzi hizo wanaokumbuka shamba la shule kama mahali pa kupelekewa waliochelewa namba. Jembe walilishika, lakini walichojifunza ni kwamba kulima ni adhabu, kinyume kabisa cha alichokikusudia mwandishi.

Miongoni mwa walioliona jambo hilo kwa karibu alikuwa Bob Moses mwenyewe. Aliishi Tanzania na familia yake kuanzia 1969 hadi 1976, akifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Same, mkoani Kilimanjaro. Aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 1982, mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa weusi na maskini, akishikilia kwamba bila hisabati raia wa zama hizi ananyimwa nafasi kama alivyonyimwa babu yake asiye na kura. Mbinu yake ilianza na safari ya treni ya mjini Boston. Wanafunzi walisafiri, wakachora safari yao, wakaieleza kwa maneno yao ya kawaida, wakayapanga maneno hayo kwa utaratibu, na mwisho wakaunda alama zao wenyewe kabla ya kukutana na zile za kitabu. Hatua za Hattiesburg zinafanana na hizo kiasi cha kushangaza, isipokuwa kwamba kule swali na maneno vilitangulia, safari ikafuata.

Gharama na jina

Kisa hiki kina mapungufu, na lililo zito zaidi linahusu nani aliyebeba hatari. Adickes alikamatwa, lakini alikuwa na New York ya kurudia. Wanafunzi walibaki Hattiesburg, na wazazi wao walibaki na waajiri wazungu ambao wangeweza kuwafukuza kazi kwa neno moja. Vernon Dahmer, mfanyabiashara na kiongozi wa harakati katika kaunti hiyo, alifariki Januari 10, 1966 baada ya nyumba yake kuchomwa moto na wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi. Yeyote anayesema kwamba vijana sita walijifunza usawa kwa kwenda maktaba anapaswa kuliweka tukio la Dahmer katika ukurasa uleule, kwa sababu huo ndio mji waliouishi baada ya mwalimu kuondoka. Utetezi wangu wa zoezi lile unasimama juu ya jambo moja tu, kwamba hatari hiyo waliijua wao kuliko mwalimu, na bado walichagua. Kama mwalimu ndiye angekuwa amewapangia, ningelihukumu zoezi hilo kuwa kosa kubwa hata lingefanikiwa.

La pili ni la jina. Adickes alilishtaki duka, akidai kwamba lilimnyima huduma kwa kula njama na polisi na kwa kufuata desturi ya kibaguzi iliyolindwa na dola. Mahakama mbili za chini zilimkatalia. Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Harlan mwaka 1970, ilisema hakuwa ametendewa sawa, kwa kuwa duka halikuthibitisha kwamba hakukuwa na polisi ndani ambaye huenda alikubaliana na wafanyakazi wake. Shauri liliendelea kuishi kwa sababu ya yule polisi aliyeingia, akatazama, akatoka, na walioshuhudia kuingia kwake walikuwa wanafunzi. Hata hivyo jina lililobaki katika vitabu vya sheria ni la mwalimu mzungu, kwa kuwa kisheria ndiye aliyenyimwa chakula. Ni kinaya ambacho darasa lolote la sekondari linaweza kukijadili kwa vipindi viwili bila kukimaliza.

Walikokwenda na walichojifunza

Siku chache kabla ya safari ya maktaba, wajumbe kutoka Shule za Uhuru za jimbo zima walikuwa wamekutana Meridian katika mkutano wao wenyewe, wakajadili na kupitisha maazimio juu ya makazi, afya, shule, ajira na sera ya nje. Shule za kawaida zilipofunguliwa baada ya kiangazi, baadhi ya vijana waliozoea kuulizwa maoni yao walirudi katika madarasa yasiyotaka maoni.

Matokeo yake yalionekana mapema. Katika shule moja ya weusi mjini Philadelphia, Mississippi, Septemba 1964, wanafunzi walikuja wamevaa beji zenye herufi za SNCC na maneno "mtu mmoja, kura moja". Kaulimbiu hiyo ilikuwa na asili ambayo msomaji wa huku ataitambua: John Lewis, mwenyekiti wa SNCC, alikuwa ameutangazia umma uliofurika Washington tarehe 28 Agosti 1963 kwamba hicho ni kilio cha Afrika, na kwamba ni chao pia. Mkuu wa shule alizipiga marufuku beji, waliokaidi wakarudishwa nyumbani, na wazazi wakaenda mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ya rufani iliamua kwamba beji hazikuwa zimevuruga masomo, hivyo marufuku hiyo ilikuwa batili. Siku hiyohiyo mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu nyingine, kuhusu shule ya kaunti ya Issaquena, ambako wanafunzi walikuwa wakiwabandika wenzao beji kwa lazima na kuzua kelele madarasani, na huko ikaipa shule ushindi. Kipimo kilichotokana na mashauri hayo mawili kilichukuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1969 ilipowatetea wanafunzi wa Des Moines waliovaa vitambaa vyeusi kupinga vita vya Vietnam.

Kwa mwalimu anayetaka kulijaribu zoezi la aina hii leo, mashauri ya beji yana manufaa kuliko ya Kress, kwa kuwa yanahusu vijana waliokuwa wamebaki peke yao, bila mwalimu wa kutoka mbali. Safari ya maktaba ilifanyika mwishoni kabisa mwa msimu, walimu wengi wakiwa wanajiandaa kurejea makwao, na hivyo kipindi cha kukaa chini baada ya tendo, kuandika kilichoonekana na kukipima kwa yale maswali ya Day, kilipata nafasi finyu. Zoezi hilohilo likiwekwa katikati ya muhula, kwa kuchagua ofisi ya umma ambayo huduma yake ni haki ya kila mtu kisheria, kwa idhini ya wazazi iliyotafutwa na wanafunzi wenyewe, lingemwachia mwalimu wiki za kutosha kuuliza kwa nini mhudumu wa kaunta aliandika maagizo ya watu sita na kulipita la saba.